Babu yumo kwenye external, kompyuta inasema hakuna kitu

Wakuu, salaam kutoka Tabora. Wakubwa zangu wote humu, shikamooni.

Nipo kidato cha tatu. Huwa nasoma tu nyuzi zenu na kuondoka kimya kimya, leo ndiyo mara ya kwanza naandika. Haya nimeyanakili kutoka kwenye daftari langu, ambalo hata dada yangu haruhusiwi kuligusa. Chumvi sijaongeza. Sehemu za aibu nazo sijaziondoa.

Iko hivi.

Babu mzaa baba alifariki mwaka jana. Miezi michache kabla, kaka yangu Yohana alikaa naye kule Goweko akamrekodi kwa simu, karibu saa mbili nzima. Babu anasimulia enzi za Ujamaa: walivyoezua nyumba yao ya porini wakahamia kijijini, shamba la wote, duka la kijiji ambalo leo lina sabuni kesho lina rafu tupu, trekta la kwanza na mbio za watu kulishangaa.

Yohana akahamishia kila kitu kwenye external, ile disk ya nje ya kuchomeka, akamwachia Bibi. Baadaye simu ya Yohana ikatumbukia kisimani. Yaani sauti ya Babu ikabaki sehemu moja tu duniani.

Jumamosi ilikuwa misa ya kutimiza mwaka, na wazee waliohamia kijijini na Babu walishaahidiwa kuwa watamsikia. Redio ya Bibi inasoma flash tu. Yohana na laptop yake wako kazini Usinge. Kwa hiyo Alhamisi Bibi akapanda treni kuja kwetu mjini, external kaifunga kwenye khanga na kuikumbatia njia nzima.

Bibi ananiita mke mwenza. Alipofika hata maji hakunywa.

"Mke mwenza, mume wetu nimemleta. Haya, mtoe humu."

Nyumbani hatuna kompyuta. Tukaenda kwa Mzee Nasoro, mwenye steshenari karibu na soko. Ukoo wao umefanya biashara hapa Tabora tangu enzi za misafara, na atakusimulia hata kama umefuata photocopy ya ukurasa mmoja.

Kompyuta yake ina kile kidude cha kugawa port. Hapo kachomeka mausi, simu mbili za wateja zinachaji, taa, na feni ndogo ya USB inayompuliza usoni. Ile feni anaipenda kweli.

Akachomeka external hapo hapo. Taa ikawaka. Ndani ikawa inalia tik, tik, tik. Kwenye screen, hakuna kitu.

Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Safari hii ikatoka meseji kwamba lazima ui-format kabla ya kuitumia.

"Aa, kumbe inaomba format," Mzee Nasoro akasema. "Basi tuipe inachotaka."

Wakuu, nikasogea karibu na screen. Mwalimu wetu wa kompyuta alishatuambia, ukikubali format umefuta. Na mshale ulikuwa unaelekea kwenye kitufe.

Lakini mimi ni yule mtu ambaye darasani hata nikijua jibu naishia kukohoa. Na huyu ni mzee wa kuamkiwa shikamoo. Nitamwambiaje acha?

Nikavuta khanga ya Bibi, nikamnong'oneza, "Bibi, akibonyeza pale Babu anafutika."

Bibi hakunong'ona.

"Nasoro! Toa mkono wako kwa mume wangu!"

Mzee aliruka, mausi ikaanguka mezani. Mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alicheka mpaka picha ikabidi irudiwe.

"Bibi, mimi nasaidia," Mzee akalalamika.

"Saidia bila kumuua mara ya pili."

Ikawa hivyo. Mimi nanong'ona, Bibi anatangaza.

Nilihisi umeme wa ile port haumtoshi mgonjwa wetu, maana ule mlio wa tik tik ni wa disk inayojaribu kuamka ikishindwa. Nikamnong'oneza Bibi.

"Mtoto anasema feni yako inamnyonya mume wangu."

"Feni yangu? Kitu kidogo hivi?"

"Hata kupe ni mdogo. Chomoa."

Kaichomoa kama anayevuliwa koti. External tukaihamishia nyuma ya CPU moja kwa moja, bila kupitia kile kidude. Tik tik ikaisha, ikabaki sauti laini ya kuzunguka. Meseji ya format haikurudi tena. Lakini kwenye This PC, inapotakiwa kuonekana, bado haipo.

Nikakumbuka Disk Management, sehemu ya Windows inayoorodhesha disk zote. Hapo ndipo unong'onaji ulipokwama.

"Bonyeza kulia," Bibi akatangaza.

"Kulia kwangu au kulia kwa kompyuta?"

Bibi akanitazama. Na mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mpishe mtoto akae," akasema. "Mimi si spika."

Nikakaa. Nikakosea mara mbili. Nikaikuta. Disk ipo, imeandikwa Healthy, yaani nzima, ila haina herufi ya kuitambulisha, kama E au F. Nyumba ipo, mlango hauna namba. Nikaipa herufi, nikabonyeza OK.

Mafaili yakatokea yote.

(Wakuu, mkikuta pameandikwa RAW au Unallocated msiige nilichofanya. Acheni kugusa, tafuteni fundi wa kurudisha data.)

Nilicopy kwanza: flash mbili, moja ya redio ya Bibi kwa ajili ya Jumamosi, na kompyuta ya Mzee Nasoro kwa ridhaa yake. Baada ya hapo ndiyo nikafungua.

Babu akakohoa. Akasema, "Trekta lilipoingia kijijini, wa kwanza kulipanda nilikuwa mimi."

"Mwongo!" Bibi akaiambia kompyuta. "We mzee, si ulikimbilia kwenye mahindi? Nililipanda mimi, na ujauzito wa baba yake huyu!"

Babu anaendelea tu, eti alimpungia dereva mkono. Bibi anamjibu kila sentensi, kidole kimeelekezwa kwenye spika. Mzee Nasoro anafuta machozi ya kicheko, uso unamtiririka jasho, feni kaisahau.

Halafu Babu akanyamaza kidogo, kama anatafuta neno, na Bibi akateremsha kidole.

"Mke mwenza," akaniambia polepole, "mrudishe nyuma."

"Wapi, Bibi?"

"Pale kwenye trekta. Adanganye tena."

Nilimrudisha mara nne.

Nilichojifunza: disk ikigoma, badilisha kwanza port na waya, punguza vinavyonyonya umeme, kisha angalia Disk Management. Format isikutishe wala isikushawishi. Kitu unachokipenda kisikae sehemu moja. Na kama unajua jibu, sema, hata kwa mdomo wa bibi yako.

Mafundi nikosoeni taratibu, nina aibu. Na wenye wazee waliohamia vijiji vya Ujamaa, je, mmeshawarekodi? Nami natamani kujua kwenu nani alilipanda trekta kwanza.