Ukumbi Nilioufunga Hewa

Mamangu alikuwa mshonaji wa kofia. Kwa miaka mingi alishonea katika ukumbi wa mtaa wetu, Mji wa Kale, pamoja na wanawake wenzake wanane au tisa. Ukumbi ulikuwa na kuta nene za mawe, dari iliyo juu sana na ua wazi katikati. Hata Februari walikaa humo baada ya adhuhuri bila feni.

Mimi nilisomea ujenzi. Kamati ya mtaa ilipotaka kuukarabati ukumbi, iliniomba nichore ramani, nami nikaichora kwa fahari. Niliufunika ua, nikaishusha dari, nikatia madirisha ya vioo visivyofunguka na viyoyozi vinne. Mamangu aliitazama ramani kwa muda.

"Mwanangu, hewa itapita wapi?"

"Mama, hewa italetwa na mashine."

Nadhani aliona haya kunipinga zaidi mbele ya wanakamati waliokuwa nasi.

Ukumbi ukajengwa vivyo hivyo, na mwaka haukuisha kabla ya shida kuanza. Stima ilikuwa ikikatika, na viyoyozi viwili vililiwa na chumvi ya bahari. Alasiri moja bibi mmoja alizirai, kofia ingali mapajani mwake. Wenzake walimbeba hadi barazani wakampepea kwa kanga. Tangu siku hiyo kila mmoja akashonea kwake. Mamangu peke yake ndiye aliyeendelea kwenda, akikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, huenda mmoja wao akarudi.

Nilimwahidi Mama kwamba nitaurekebisha ukumbi. Lakini nilikuwa na kazi ya ujenzi mtaa wa Buxton, kisha ikaja nyingine. Ijumaa nilizomtembelea hakunikumbusha hata mara moja. Mwezi wa Shaabani alipata kiharusi, na siku ya tatu akafariki.

Baada ya arubaini nilikwenda na fundi. Tuliivunja dari, tukaondoa vioo na kutia madirisha ya mbao yanayopitisha upepo, tukaufunua ua. Wanawake watano walirudi. Mmoja wao aliniambia, "Mamako kila siku akisema u njiani waja."

Nikamuuliza kama Mama alikuwa amenikasirikia.

"La. Tukikulaumu, yeye akikutetea."

Nilikwenda nyuma ya ukumbi, palipokuwa na rundo la vioo vilivyovunjika, nikalia mpaka fundi akaja kuniuliza misumari iko wapi.