Kilio cha Eliezeri

Miaka tisa Eliezeri aliigiza mlevi. Katika kikundi cha maigizo cha kiwanda kimoja cha Iringa, Jailos ndiye aliyepewa ukulima hodari, uongozi na ubwana harusi, maana alikuwa na kimo na kifua. Eliezeri, mfupi mwenye matege, alipewa chupa tupu na koti la kuazima. Kila mchezo ulipokaribia mwisho mlevi alifukuzwa na mkewe, akakaa chini akalia, na hapo ndipo watu walipopangojea. Kilio chake kilianza kwa kwikwi tatu, kikapanda kama mlango usiotiwa mafuta, kikakatika ghafla. Kuanzia Kilolo mpaka Mbeya mjini watu walishika mbavu, Sabasaba baada ya Sabasaba. Jailos walimpigia makofi, basi.

Wasichokijua ni kwamba kilio kile hakukitunga. Ndivyo alivyolia ujanani siku ya kumzika baba yake, binamu zake wakashindwa kujizuia kucheka. Hakuwa na kilio kingine.

Mwaka 1976 mkewe Tusekile akafa kwa homa ya siku nne tu, akamwachia Yudith, binti wa miaka minne. Maiti ikapelekwa Kilolo, kwao Eliezeri. Wakwe wakaja kutoka Rungwe, watu ambao hawakuwahi kuona mchezo wake hata mmoja, wakamkuta macho makavu. Alijikaza kisabuni, maskini, kwa kuwa alijua sauti ikimtoka tu, msiba wa mkewe utageuka Sabasaba.

Isakwisa, mjomba wa marehemu, akamwita pembeni.

"Mkwe, siku ya pili leo hatujaona chozi. Mama yake humlilii, huyu mtoto utamlea kwa moyo gani? Tukizika hivi hivi, tunaondoka naye."

"Baba, nionee huruma. Nalia ndani."

"Ndani nani anaona?"

Maji yakamfika shingoni. Akilia, watacheka, asipolia, wanamchukua mwanawe. Na Yudith mwenyewe, tangu mama yake afe, hakuwa amesema neno wala kuonja uji.

Kaburini, alipoinama kutupa udongo, kwikwi ya kwanza ikamponyoka. Ikafuata ya pili, na ya tatu, kisha sauti yenyewe ikapanda, ikakatika. Kijana mmoja akaziba mdomo kwa kofia. Mabega ya wanawake wa Kilolo yakaanza kutikisika. Bado angeweza kunyamaza. Lakini akasikia kicheko chembamba: Yudith, mgongoni mwa bibi yake mzaa mama, Tusajigwe.

"Baba, tena!"

Baba gani angekataa? Eliezeri akalia tena, na tena, machozi yakimchuruzika, akilia kweli na kuigiza kweli, hata mwenyewe asijue kipi ni kipi. Waombolezaji wakaangua kicheko.

Isakwisa hakungoja hata chakula.

"Amemfanyia mtoto wetu mchezo," alisema, na wakwe wakamchukua Yudith, wakapanda lori la mbao lililokuwa linaelekea barabara kuu.

Eliezeri akaling'ang'ania bati la nyuma, akiomba msamaha, akilia kile kile kilio chake. Lori likaondoka, mikono ikamteleza.

Yudith akachungulia kutoka juu ya mbao. Akapiga kwikwi tatu, akapandisha sauti, akaikata. Kisha akamtazama baba yake, akingoja acheke.