Mundu wa Mama na Fahali Aitwaye Radi

Hadi leo nikisikia harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, ya damu nayo hunijia puani. Watu husema harufu ya majani ni tamu. Haya, hongera zao. Mimi nililelewa kwenye shamba la ng'ombe la mzungu, tambarare ya chini ya Kilimanjaro, magharibi ya Moshi, enzi za Mwingereza, na baba yangu alikuwa nyapara wa wachungaji. Nyumba yetu ilikuwa karibu na zizi kiasi kwamba fahali akikohoa usiku, mama alimjibu, "Pole." Ng'ombe wote wale, na hata mmoja hakuwa wake. Jambo hilo lilimkaa kooni. Kwao mlimani, mwanamke asiye na ng'ombe ndani hana samadi ya migomba wala maziwa ya mtoto, na wenzake sokoni humsalimia kwa sauti ya huruma. Huruma ile mama aliichukia kuliko matusi.

Mzungu tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu aliwaita watu na mbwa kwa mluzi uleule. Zamani mafahali wake walichanganyika na majike mwaka mzima, ndama wakazaliwa ovyo, wengine katikati ya masika, wakafia matopeni au wakararuliwa na fisi kabla hawajasimama. Mwaka ule akaamua kubadili mambo. Mafahali watengwe, wafunguliwe kwa pamoja kabla ya masika, ili ndama wote wazaliwe wakati wa vuli. Na mnada wa mafahali, uliokuwa ukifanyika karibu na Krismasi, usogezwe hadi mvua za masika ziishe. Ilibidi basi wanone wakiwa kifungoni, miezi yote ya jua, na hapo baba akatoa wazo. "Tuwafunge kama kwetu mgombani," alisema. "Kila mmoja banda lake, tuwakatie majani." Bwana Mluzi alifurahi mno. "Nyapara, wewe akili mingi! Ndama jike ya kwanza, ya bibi yako." Mama aliposikia alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Tangu siku hiyo alikata majani kama mtu anayelipiza kisasi. Mundu wake ulinolewa hadi ukawa mwembamba, na mzigo wa kwanza kila asubuhi ulikuwa wa Radi, fahali mwekundu mwenye shingo nene, ambaye alimlamba mkono mama kabla ya kula. "Huyu ndiye baba wa ndama wangu," alisema, na ndama mwenyewe, ambaye hata mimba yake haikuwapo, alikwisha kupewa jina: Neema. Mimi na dada yangu tulimcheka, naye akatufukuza kwa ufagio. Kumbe kosa lilikuwa palepale penye mapenzi. Sisi wa mgombani tulimjua ng'ombe mmoja mmoja, anayelala ndani na watu na kuitwa kwa jina. Kundi hatukulijua. Mafahali wale walipokuwa malishoni walikwisha kugombana na kujuana nani mkubwa, nani ampishe nani. Tulipowatenga, kila mmoja akawa mfalme wa banda lake. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tuliwafuga wengi, tukawanonesha, kisha tukawafungulia milango kwa mkupuo.

Loo, siku ile! Walitoka wakichimba udongo kwa kwato, na majike wakakimbilia kwenye ua wa miiba. Sauti ya paji la uso kugonga paji la uso niliisikia tumboni. Pembe ya Radi ilimwingia fahali mweusi ubavuni, ikatoka na utumbo, na yule mweusi akaendelea kupigana huku akiukanyaga utumbo wake mwenyewe. Ndama wa mwaka uliopita alisagwa akawa kama gunia. Wachungaji walipanda juu ya mabanda. Baba hakupanda. Aliingia na fimbo tu, akiita, "Radi! Radi, mwanangu, tulia!", kama anavyoitwa ng'ombe wa ndani. Radi akageuka. Alimchoma paja, akamtupa juu, na alipoanguka akamkandamiza kifuani kwa magoti. Nilisikia mbavu zikivunjika. Nilipiga yowe hadi sauti ikakauka.

Mama alikuwa anafika na mzigo wa majani kichwani. Aliutupa, akaingia na mundu kwa nyuma, akakata mshipa mnene ulio juu ya kisigino cha Radi. Mguu mmoja, kisha wa pili. Fahali akaketi kama mbwa, akinguruma, damu ikimrukia mama usoni, naye akamvuta baba kwa makwapa hadi nje. Bwana Mluzi alikuja mbio, akammaliza Radi kwa risasi, kisha akamgeukia mama. "Wewe ua ng'ombe yangu!" Kiboko kikamchana bega. Mama hakulia. Alikuwa anafunga paja la baba kwa kanga yake, akasema bila kuinua kichwa, "Piga. Nikimaliza kufunga, piga tena." Jua lilipozama tulikuwa tumefukuzwa, tuko njiani kwenda mlimani, baba kwenye machela, na Neema hatukumwona kamwe.

Baba alipona, ila mguu ulibaki mkavu kama mti, na kazi zote zikamwangukia mama. Majirani walipoleta ile huruma yao, aliwakata kauli: "Ng'ombe halemewi na nunduye." Na kila jioni, akimpakulia baba mtori wa ndizi, alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Kula, ng'ombe wangu. Umenigharimu." Baba alicheka kila mara, miaka yote, mpaka alipofariki.

Leo naishi Rau, kando ya Moshi, nina ng'ombe wawili wa maziwa. Mjukuu wangu humwita bwana mifugo kwa simu, naye huja kwa bodaboda na mbegu ya fahali ndani ya mtungi wa baridi, tukachagua mwezi wa kuzaa kama watu wanaochagua siku ya harusi. Hakuna pembe, hakuna mbavu zinazovunjika. Nashukuru kwa moyo wote. Juzi alizaliwa ndama jike, mwekundu, na mjukuu akaniuliza tumwite nani. Nikamwambia Neema. Kisha nikachukua mundu wa mama ukutani, nikatoka kumkatia mama wa ndama majani, na nililia njia nzima.