Mstari Mwekundu wa Batuli

Batuli wa Kinjumbi alifika chuo cha ufundi Lindi na begi moja, ndani yake kipande cha mkeka wa marehemu bibi yake. Sisi tuliokuja na magodoro tukamcheka. Mimi ushonaji niliuacha katikati, kama ninavyoacha kila kitu, ila haya niliyashuhudia.

Kwenye mkeka ule mstari mwekundu unakwenda, unakatika, kisha unarudi. Rangi ya kutia miaa ilimwishia bibi katikati ya kazi, akaendelea kusuka hivyo hivyo. Batuli akauchora mstari huo kwenye pindo la gauni. Fundi mmoja mwenye duka kubwa mjini alikuwa ameahidi kumchukua mwanafunzi atakayebuni gauni bora, na Batuli aliitaka kazi ile kuliko cheti.

Mwalimu Magdalena akaukataa mchoro wa penseli. "Huu uchafu nimwoneshe nani? Leta safi!"

Darasa zima lilikuwa na simu moja ya maana, ya Deo, yenye akili bandia ya kuchora. Batuli akampa mchoro aupige picha, simu iunyooshe. Ikaunyoosha.

Deo hakuufuta mchoro ule. Wenzake wakapokezana simu ile ile, wakiandika palepale chini ya kazi ya Batuli: "Nibunie gauni la pwani." Simu nayo, kama mpishi anayejua mboga moja, ikawapakulia wote mstari mwekundu unaokatika.

Wao walipiga cherehani. Batuli alidarizi kwa mkono, akawa wa mwisho kutundika gauni lake.

Fundi alipofika akayapitia magauni yote, mwisho akalishika pindo la Batuli. "Na wewe umeiga?"

"Hapana, mama. Huu mstari ni wa bibi yangu. Rangi ilimwishia."

"Na bibi zao hawa wote, rangi iliwaishia siku moja?"

Darasa likaangua kicheko. Deo akainamia simu yake. Batuli akakimbilia begi, akarudi na mkeka.

Fundi akautazama. "Kumbe darasa zima mmenakili mkeka. Sasa kubuni kuko wapi?"

Akaondoka bila kumchukua mtu.

Siku hizi Batuli yuko Nangurukuru, anashona sare za shule. Nilipita nikamtania, "Angalau hapa, dada, kufanana ndiyo sifa."

Hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akaniuliza kama nina suruali ya kupunguza. Mkeka ameutandika chini ya cherehani, unakinga mafuta yanayodondoka. Ule mstari sasa huwezi kujua ulikatikia wapi.