Hewa Iliyolala Shimoni

Mwanangu Aline, siku ile ulipokuja kunieleza kazi yako mpya, hapa nyumbani Niboye, niliendelea kuchambua mboga ukadhani sijaelewa. Ulisema mtaikamata hewa ya ukaa inayotoka kwenye kiwanda cha saruji, muifukie chini kabisa ya miamba isiharibu anga. Nilielewa vizuri. Ila mawazo yangu yalikuwa yamekwenda Gisenyi, kwenye asubuhi moja kabla hujazaliwa.

Tulikuwa tumerudi kutoka Bujumbura, mama yangu na mimi, tukapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mukecuru kama wanavyosema huko, jina lake Veronika. Siku zile nazipenda mpaka leo. Baridi ya mlimani, harufu ya samaki wadogo wa sambaza wanaokaangwa kwa jirani, kengele ya misa. Nilikuwa msichana niliyezaliwa ukimbizini, na kila kitu cha nchi hii kilikuwa kipya kwangu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo pana kati ya mawe meusi ya volkano. Kina chake hakikuzidi kiuno cha mtu. Kila asubuhi Veronika alilizungushia upya miti yenye vitambaa vyekundu kuonya watu, maana mbuzi waliiangusha. Mle shimoni mlikuwa na kitu ambacho watu wa huko hukiita mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini yenyewe, haina rangi wala harufu, na upepo ukikosekana hutulia mabondeni. Anayeinama humo anakosa pumzi.

Baba yako hakujua hayo. Alikuwa fundi mwashi, kijana mgeni kama sisi, anajenga ukuta kwenye kiwanja cha jirani. Asubuhi ile aliviona vile vitambaa akadhani ni mambo ya uchawi, akaing'oa miti yote akaitumia kufunga jukwaa lake la kujengea. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote.

Siku hiyo hapakuwa na upepo kabisa. Mbuzi wa Veronika aliteremka shimoni akaanguka. Baba yako akaruka ukuta kwenda kumtoa. Aliposimama shimoni hakuona tatizo lolote. Alipoinama kumshika mbuzi, pumzi ikamkatika, akaanguka kifudifudi.

Nilitaka kukimbilia kule. Veronika akanidaka mkono.

"Wewe usishuke. Mutakuwa wawili. Leta ule muti wa parachichi."

Ulikuwa mti mrefu wenye ndoano ya kuangulia matunda. Veronika akaikwamisha ndoano kwenye mkanda wa suruali ya baba yako, tukavuta sote, mama naye akaja. Nilikuwa nalia huku navuta. Tulimlaza kwenye nyasi upande wa juu, uso wake hauna rangi. Mama akampepea kwa kitenge chake mpaka akakohoa.

Alipoweza kukaa, Veronika akamuuliza, "Miti yangu uliitoa kwa sababu gani?"

"Nilifikiri ni uchawi, mukecuru."

"Ungeniuliza. Mulango wangu iko wazi kila siku."

Halafu akageuka kwa mama na mimi. "Na mimi nina kosa. Nimeona watu wapya wanakuja, nikaweka miti, nikafikiri miti itasema. Muti hausemi."

Mchana ule alipita kila nyumba, baba yako akimfuata huku anayumba, wakawaeleza wageni wote. Tangu hapo baba yako ndiye aliyeisimika miti kila asubuhi kabla ya kushika mwiko. Ndivyo nilivyomzoea. Ndivyo nilivyompenda, nikupe siri hiyo, maana yeye hayupo tena kunikataza.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kazi yako ni nzuri, na ninaona fahari. Lakini unachokifukia hakijaisha, kipo. Kabla hamjachimba, nendeni kwa watu wanaoishi juu yake, mkae nao, muwaambie kwa lugha wanayoisema nyumbani kwao. Msiwaachie kibao tu. Wakihama na wengine wakaja, muanze upya kuwaeleza. Na awepo wa kulinda hata ikipita miaka bila tatizo, hata wakubwa wakisema mlinzi huyo hana kazi. Ukiulizwa swali la kijinga na mama anayelima viazi, lijibu kwa heshima. Swali kama hilo lingemwepusha baba yako na lile shimo.

Mungu akutangulie popote mtakapochimba. Akupe sikio la kusikia na ulimi usiochoka kueleza. Watakaolala juu ya kazi ya mikono yako waamke salama, wao na watoto wao, nawe uje unisalimie ukiwa mzima.