Kutu ya Behewa la Kigoma

Juzi nimeona treni ya plastiki dukani, pale Sonatubes, hapa Kigali, inang'aa ndani ya boksi, nikasimama kama mjinga. Wewe unayenijua utasema nimeanza tena habari za Muhima, mtaa niliokulia. Nivumilie kidogo.

Nilikuwa mtoto, na vile vita vya kaskazini vilikuwa vikiendelea. Jirani yetu, fundi redio, alikuwa anaunda behewa dogo la treni kwa bati la makopo. Nchi yetu haina reli, lakini yeye alizaliwa Kigoma, ambako marehemu baba yake alifanya kazi kwenye treni. Alilipaka rangi likapendeza, halafu akaanza kulichakaza makusudi, lionekane la siku nyingi. Kwanza rangi ya kutu, juu yake chumvi, kisha rangi nyingine. Ikikauka anaikwangua chumvi na kutu inachungulia. Mwalimu wa mtaani alikuja kuazima kopo hilo la rangi ya kutu kwa ajili ya vilori vyake vya jeshi, vya mchezo wa vita alioucheza juu ya sinia la mchanga. Walibishana mchana kutwa.

"Matope ya lori inaanzia chini," mwalimu alisema. "Haiwezi kuruka mpaka juu ya paa."

Vita vya kweli vipo, na watu wazima wanabishania matope. Sikuelewa kitu. Kwetu sufuria ilisuguliwa kwa majivu mpaka ujione sura.

Kumbe mama yake jirani alikuwa njiani anakuja, naye alishaanza kusahau watu. "Nataka akiona hii amukumbuke mzee kabla hajasahau yote," jirani alimwambia bibi yangu, akaliacha behewa kwetu likauke, maana kwake kulikuwa kunapakwa chokaa.

Bibi, kwa roho yake nzuri, akalisugua kwa sabuni na majivu. "Mugeni anakuja, na kitu iko chafu hivi?"

Jirani hakugomba. Alilifuta majivu yaliyobaki kwenye magurudumu. Mama yake alipofika aliligeuzageuza, akauliza, "Hiki cha mtoto gani?" Nilimwonea jirani huruma.

Jirani akachukua masizi ya taa, akaanza kulipaka paa upya mbele ya mama yake. Yule mama akamtazama, kisha akamzuia mkono.

"Siyo hapo." Akachovya kidole gumba kwenye masizi, akakibonyeza kando ya mlango. "Hapa. Baba yako alishika hapa akipanda, na mikono yake haikuisha grisi."

Jirani alilia waziwazi. Bibi akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumekosea au tumesaidia.

Baada ya mwaka wa tisini na nne sikumwona tena jirani, wala mwalimu, wala bibi. Nyumba yetu ipo, wanakaa wengine. Nikipita hutupia jicho ukuta wa mlangoni, pale bibi alipokuwa akiegemeza kiganja akivua viatu. Alama yake ilikuwepo zamani. Aliisugua mwenyewe, kwa sabuni na majivu, hadi ikaisha.