Nani Aliitika "Labeka" Ukumbini Leo?

Leo mchana, kwenye mchezo wa kuigiza wa kuchangia maboya ya kuvaa ya wavuvi wa Katonga, mtu aliyepotea ziwani aliitwa jina, na sauti ikaitika.

Nilikaa na jirani yangu, Bi Mwajuma, anayeishi peke yake. Mwanawe Saidi alizama mwaka jana na mwili haukuonekana. Miezi yote hiyo mama amekataa khitma. Wiki hii tu ndiyo amekubali isomwe Ijumaa.

(Mikeka nimeshaazima mimi mwenyewe.)

Katikati ya mchezo mwigizaji akatuomba: mwenye ndugu aliyepotelea ziwani, amwite.

Bi Mwajuma akasimama. "Saidi!"

Nyuma yetu: "Labeka, mama."

Watu wakapiga makofi. Dada mmoja akacheka, "Wamejipanga hawa!"

Nikageuka. Safu tatu za nyuma zilikuwa tupu, na mlango umefungwa.

Jukwaani mwigizaji akamnong'oneza mwenzake, kipaza sauti kikiwa wazi: "Huko nyuma hatuna mtu."

Bi Mwajuma akanishika mkono. "Mwanangu, na wewe umesikia?"

Ningeweza kusema hapana.

"Nimesikia, mama."

Basi khitma haipo tena. Amepita nyumba kwa nyumba hapa Kasingirima kuwaambia majirani wasije. Sasa hivi anasonga ugali wa watu wawili.

Jamani, mliokuwepo: kama kuna aliyeitika kwa utani, sitamgombeza. Aje tu amwambie mama mwenyewe, leo hii.